Asubuhi 168 za Mama Yangu

Mama yangu alimeza dawa zake za mwisho za kifua kikuu asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024, nyumbani kwake Korogwe, nami nikiwa Dar es Salaam. Nilipopigiwa simu nilisujudu sijida ya shukrani palepale chumbani, kisha nikaanza kupanga dua ambayo nilidhani ingemaliza deni langu lote. Haikulimaliza. Naandika jinsi nilivyokuja kulijua deni lenyewe na nilivyojitahidi kulilipa, kwa kuwa nilianza vibaya, na huenda yupo mtu ambaye mzazi wake amepona wiki hii naye anajiuliza aanzie wapi.

Kikohozi kilikuwa kimeanza Januari. Katika zahanati ya kwanza, ambayo sitaitaja, mama alitibiwa malaria na kupewa dawa ya maji ya kikohozi mara mbili, wala hakuna aliyemwomba makohozi. Kufikia katikati ya Machi alikuwa amebaki na kilo 41, na usiku alitoka jasho hadi shuka ikabidi zibadilishwe. Mdogo wangu wa kike, anayeishi naye, ndiye aliyekataa kurudi kule tena, akampakia mama kwenye bodaboda na kukaa nyuma yake akimshikilia asianguke, hadi kituo kingine cha afya. Huko makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Vya mama havikuwa sugu. Matibabu yalianza Jumatatu, tarehe 18 Machi, bila malipo, kama yanavyotolewa nchini kote: vidonge vitatu kila asubuhi, vyenye dawa nne kwa pamoja, kwa siku 56, kisha vyenye dawa mbili kwa siku 112. Ukijumlisha unapata asubuhi 168. Mimi katika asubuhi hizo nilikuwapo tano tu.

Dua tuliifanya Oktoba. Palipikwa pilau, shehe akaja, ndugu wakatoka Muheza na Handeni. Baada ya kisomo mzee mmoja wa ukoo alisimama akanishukuru mimi, kwamba kila mwezi nilituma fedha na kwamba bila mimi tungekuwa tumekusanyika kwa jambo jingine. Watu wakaitikia, nami nikayapokea maneno yale. Mdogo wangu alikuwa uani akipakua chakula, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, mama aliniita chumbani kwake akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, leo umeshukuriwa wewe. Walioniuguza hujawauliza."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua daftari, nikaketi naye mkekani, nikamwomba anisimulie ugonjwa wake tangu siku ya kwanza, nani alifanya nini, bila kuruka. Ilituchukua siku mbili. Namshauri yeyote mwenye mzazi aliyepona afanye hivi kabla ya kununua zawadi yoyote, kwa sababu mgonjwa anakumbuka mambo ambayo sisi tulio mbali hatuwezi hata kuyawaza.

Alianza na jirani. Yule bibi alikubali kuwa msimamizi wa matibabu, yaani mtu wa kumwona mgonjwa akimeza dawa na kuweka alama kwenye kadi, ili mdogo wangu apate kuwahi kuuza vitumbua vyake. Matibabu yalianza ndani ya Ramadhani, na jirani alikuja kila siku baada ya swala ya alfajiri, akiwa amefunga. Mama, aliyeruhusiwa kufungua kwa sababu ya maradhi, aliona haya kunywa maji mbele ya mtu mwenye saumu, hivyo jirani alikuwa akigeuza uso kidogo hadi dawa ziteremke, kisha anamwambia afungue kinywa ahakikishe. Wiki za kwanza dawa zilimtia kichefuchefu, na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, jambo ambalo rifampisini hulifanya kwa kila anayeitumia. Mama alidhani ni damu na akataka kuacha. Jirani alikwenda mwenyewe kituoni kuuliza, akarudi na jibu, na siku ile hakuondoka hadi mama alipomeza.

Kisha kuna habari ya kikombe, ambayo sikuwahi kuambiwa. Ndugu mmoja alimletea mama kikombe na sahani vya peke yake, na kusema mbele ya wageni kwamba visichanganywe na vya wengine. Muuguzi alikuwa amekwisha kueleza kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa hewa, mtu anapokohoa, na wala si kwa vyombo; ndiyo maana madirisha yetu yalikuwa wazi mchana kutwa, na mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitatu, alichunguzwa na kupewa dawa za kinga. Ilikuwa jioni, baada ya futari. Jirani hakubishana na mtu. Alichukua kikombe alichokuwa akinywea mama, kikiwa bado na chai nusu, akainywa yote. Mama alipofika hapo katika kusimulia alinyamaza kwa muda mrefu, nami sikuandika chochote.

Alimtaja pia kijana wa bodaboda, ambaye kila safari ya kliniki alimsubiri bila kudai nyongeza. Alimtaja hata Robert Koch. Tarehe 24 Machi alisikia redioni kwamba siku hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani kwa kuwa mwaka 1882 daktari huyo Mjerumani alitangaza kuwa amekigundua kimelea cha ugonjwa huu, na tangu hapo mama humwombea kheri, kwa sababu, anasema, asingekitambua yule, mashine ingetafuta nini?

Daftari likanionyesha la kufanya. Muuguzi wa kliniki sikumpelekea fedha, kwa maana ni mtumishi wa umma na bahasha ingeweza kumtia katika mashaka. Nilimwandikia barua Mganga Mkuu wa Wilaya, kurasa mbili, nikaeleza mambo mahususi: siku aliyompigia mama simu alipochelewa kuchukua dawa, maelezo yake kuhusu vyombo, uzito aliouandika kila mwezi hadi ukafika kilo 53. Nakala nilimpa muuguzi mwenyewe mkononi. Katika barua hiyo niliwashukuru pia wataalamu wa maabara, ambao mgonjwa hawaoni kabisa. Kijana wa bodaboda nilimnunulia tairi.

Kwa jirani nilikwenda na kitenge na fedha. Kitenge alikipokea, fedha alizirudisha mara tatu, akaniambia, "Baba, ungekuwa wewe ndiye jirani ungenitoza?" Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kukaa naye hadi adhuhuri na kumweleza kwamba nimejua habari ya kikombe. Alishangaa kwamba mama bado anaikumbuka.

Aliyebaki alikuwa mdogo wangu, na huyu ndiye aliyenipa uzito zaidi, kwani nilikuwa nimemhesabu kama sehemu ya nyumba badala ya mtu aliyetoa kitu. Alifua shuka zile. Alipoteza wateja wa vitumbua katika miezi miwili ya mwanzo, mama alipokuwa hawezi kuachwa hata kwa saa moja, na kila alipopokea fedha zangu aliniandikia ujumbe wa asante. Nilimwomba radhi kwa yale ya kwenye dua, kisha nikamuuliza anataka nini. Nilitarajia atataja mtaji. Alisema, "Kaka, nataka uje ukae na mama, mimi nikapumzike kwa shangazi Pangani."

Niliomba likizo yangu ya mwaka, siku 28 kamili, nikaenda Korogwe. Mdogo wangu na mtoto wake waliondoka siku ya pili. Mbele ya ndugu waliokuja kunisalimia nilisimulia kila kilichomo katika daftari, nikaanza na jina lake, na yule mzee wa ukoo alikuwapo.

Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu na mama nilisikia hodi kabla jua halijatoka. Nilifungua nikamkuta jirani, mtandio kichwani, ametoka kuswali. Dawa zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nyuma yangu mama alikuwa ameshatoa kigoda na vikombe viwili, na kahawa ilikuwa jikoni inachemka.