Mahali pa Kuzaliwa: Taveta

Juzi binti yangu alikuwa mezani akijaza fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Jina, tarehe, dini, akavipita mbio. Alipofika kwenye mahali pa kuzaliwa akanyanyua kichwa.

"Mama, hapa niandike Moshi au Taveta?"

"Taveta, Kenya. Kama cheti kinavyosema."

Akaandika, akaendelea na sehemu ya mlezi. Mimi nikabaki na kisu mkononi na mchicha kwenye sinia, maana najua maneno yale mawili yalivyopatikana.

Ilikuwa 2018. Mdogo wangu, aliyemzaa binti huyu, alikuwa ameshatutoka, baba wa mtoto hakuwahi kujitokeza kwetu, na mtoto nilikuwa naye tangu hajaota meno. Nikataka kumuasili, yaani mahakama imfanye mtoto wangu kisheria. Kwenye kikao cha ukoo kaka yangu mkubwa alisimama akauliza: mtoto wa dada yetu ni wetu, tangu lini mtu akaenda mahakamani kuomba mtoto wake mwenyewe? Namheshimu kaka, na kwa mila zetu hakusema uongo. Lakini mlezi asiye na karatasi huishia mlangoni. Akitaka pasipoti ya mtoto anaulizwa wewe ni nani wake. Ulezi wenyewe hukoma mtoto akifika miaka 18, na ukifa bila wosia, yeye si mrithi wako kisheria. Amri ya kuasili humweka mtoto sawasawa na uliyemzaa, mirathi ikiwemo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto angalau miaka 21, isipokuwa akiwa ndugu wa mtoto. Ombi tulilipeleka Mahakama Kuu pale Moshi, Kamishna wa Ustawi wa Jamii akapewa taarifa, na afisa ustawi akaja nyumbani kuona mtoto analala wapi na nani anambembeleza akiugua. Cheti cha kifo cha mama yake tulikuwa nacho, cheti chetu cha ndoa, barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi, hata ya kaka. Kilichokosekana ni kimoja, cheti cha kuzaliwa.

Mdogo wangu alikuwa akiuza vitunguu soko la Taveta. Uchungu ulimshika Jumamosi, siku ya soko, akiwa na ujauzito wa kwanza, wenzake wakamkimbiza hospitali ya palepale mjini. Alirudi Moshi na mtoto mgongoni na kijitabu cha kliniki kwenye mfuko wa vitunguu. Cheti hakukifuata tena.

Wapo waliotushauri tupite njia ya mkato: tuape kwamba mtoto alizaliwa nyumbani, Moshi, tupate cheti cha hapahapa. Waliogopa kwamba akiandikwa Taveta atageuka Mkenya. Hofu hiyo haina msingi. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu uraia wa kuzaliwa kwa sababu baba au mama yake ni Mkenya, haitoi uraia kwa ardhi aliyoangukia. Na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ambaye baba au mama yake ni raia wa kuzaliwa. Wala si uraia tu. Amri ya kuasili iliyojengwa juu ya kiapo cha uongo ni nyumba isiyo na msingi. Siku yoyote mtu mwenye nia mbaya, hasa kwenye ugomvi wa shamba, anaweza kuiangusha. Zaidi ya hayo, mtoto angepoteza kitu cha kweli alichoachiwa na mama yake. Nilikataa, na ningekataa tena.

Kwa hiyo Taveta. Kabla hujavuka, jua unachokwenda kutafuta. Kenya, mtoto akizaliwa hospitali, hospitali hujaza taarifa ya kuzaliwa, ambayo wenyewe huiita B1, na kuipeleka kwa msajili wa vizazi na vifo. Aliyezaliwa nyumbani huandikwa kupitia naibu wa chifu. Ikiwa taarifa ilifika kwa msajili ndani ya miezi sita, kizazi kimeshasajiliwa na wewe unaomba cheti tu. Kama haikufika, unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye fomu nyingine, ushahidi na viapo, na unajiandaa kwenda na kurudi. Watu wengi hukimbilia kwa msajili moja kwa moja wakiwa na jina la mama mkononi, wanaambiwa halipo, wanarudi Himo, upande wa Tanzania, wamekata tamaa. Anza hospitali. Tafuta namba ya taarifa ile, kisha uende nayo kwa msajili.

Shida yetu ilikuwa kumvusha mtoto. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na cheti ndicho tulichokuwa tunakifuata. Uhamiaji walitupa hati ya dharura ya safari kwa cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji na barua ya ustawi iliyosema mtoto anasafiri na nani, kwenda wapi na kwa sababu gani. Barua hiyo usiiache. Pale mpakani, kati ya Holili na Taveta, kwenye kituo ambacho maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, afisa alimtenga mtoto pembeni akamuuliza peke yake, "Huyu ni nani wako?" Akajibu, "Mama mkubwa, lakini ni mama." Afisa alisoma barua yote kwa makini kabla ya kugonga muhuri. Sikuchukia hata kidogo. Watoto huibwa mipakani, na afisa asiyeuliza ndiye wa kuogopa.

Tulipanda bodaboda hadi mjini. Kulikuwa bado asubuhi, mawingu hayajashuka, na mtoto aliona Mlima Kilimanjaro kabla yangu. Ukiwa Taveta, kilele cha Mawenzi kinakuwa mbele, kimesogeleana na kile cha Kibo kuliko tunavyoviona tukiwa Moshi. Alidhani ni mlima mwingine.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Nilimtajia jina la mdogo wangu, Mushi. Akapitisha kidole mwezi mzima, hakuna Mushi. Nikamtolea kijitabu cha kliniki. Akatazama ukurasa wa chanjo, tarehe ya BCG na matone ya polio ya siku ya kuzaliwa, akasema, "Mama, majina hudanganya. Tutafuta kwa tarehe."

Akaleta kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, kona zimechakaa. Akakifungua na kuweka rula chini ya mstari, akaishusha mstari kwa mstari. Usiku ule walijifungua kina mama wanne. Kwenye mstari wa nne rula ikasimama. Jina la kwanza ni lake. La ukoo limeandikwa "Moshi". Na kwenye safu ya anakotoka, "Moshi" tena. Nadhani aliyeandika, usiku, mwanamke akiwa kwenye uchungu, alisikia Mushi wa Moshi akaona ni neno moja limerudiwa.

Mtoto alikuwa amepanda kwenye kiti, viwiko juu ya meza. "Mimi niko wapi?" Karani hakumfukuza. Kitabu kimeandikwa Kiingereza, akawa anamsomea kwa Kiswahili, safu moja baada ya nyingine, rula ikiwa palepale. Umri wa mama, miaka 22. Mimba ya kwanza. Amejifungua Jumapili, saa tisa na dakika arobaini usiku, kwa njia ya kawaida. Kondo limetoka lote. Mtoto wa kike. "Huyu ndiye wewe." Gramu 2,600. Alilia mara moja. Namba ya taarifa ya kuzaliwa, ile niliyoifuata, ilikuwa pale kwa wino wa bluu. Nikainakili kwenye daftari na kuihakiki tarakimu kwa tarakimu. Karani akaendelea kusoma. "Hali ya mama: yuko hai."

"Mama yuko hai?"

Hakuiuliza kwa huzuni. Aliiuliza kama mtu aliyepewa habari. Karani akanitazama, kisha akaitazama ile fomu ya maombi niliyoiweka mezani, palipoambatishwa cheti cha kifo, akaelewa. Nikamwambia mtoto, "Siku hiyo alikuwa hai. Ndiye aliyekushika wa kwanza." Akanyamaza. Karani akasogeza rula hadi mwisho wa safu, akasema polepole, "Hapa wameandika waliruhusiwa Jumatatu. Mama na mtoto. Mliondoka hapa wawili, salama."

Mtoto akaweka kidole kwenye ule mstari, akakiacha hapo. Hatukumharakisha. Nje kulikuwa na foleni, na yule mama akaiacha isubiri.

Niliomba kupiga picha ukurasa ule. Akakataa, kwa kuwa kulikuwa na majina ya kina mama wengine watatu na siri zao za mwilini, na alikuwa sahihi kabisa. Alituandikia barua yenye mhuri: tarehe, namba, jinsia, uzito, jina la mama kama lilivyoandikwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya kutembea tu. Namba ilipatikana kwa msajili, maana yake taarifa ilifika kwa wakati na usajili wa kuchelewa haukuhitajika. Jina tuliomba lirekebishwe kwanza, cheti kitoke baadaye. Nasisitiza hapo: kosa la jina lisahihishwe kwenye chanzo, kwa sababu amri ya mahakama itanakili kilicho kwenye cheti, na kosa litamfuata mtoto hadi RITA, wakala wetu wa usajili wa vizazi, shuleni na kwenye pasipoti. Kiapo, cheti cha darasa la saba cha marehemu na cheti chake cha kifo ndivyo vilivyothibitisha Mushi. Kisha cheti kilikwenda Nairobi, Wizara ya Mambo ya Nje ikathibitisha sahihi ya msajili, na Ubalozi wetu ukathibitisha muhuri wa wizara. Kwa mpangilio huo. Ubalozi haukupokea karatasi ambayo wizara haijaigusa. Jaji alitoa amri. Jina la mzazi likabadilika, mahali pa kuzaliwa pakabaki Taveta, Kenya.

Kaka hadi leo anasema mtoto wa darasa la kwanza hakupaswa kusikia lile neno kwa namna ile, na kwamba msajili hakumhitaji. Ni kweli hakumhitaji. Usiku tuliporudi aliniuliza kama tunaweza kwenda tena Taveta Jumatatu, na nilijua ni Jumatatu ipi anayoitaka. Wazazi wengine hunifuata kuuliza wajiandae vipi kwa safari kama hiyo. Nawaeleza kuhusu kijitabu cha kliniki, tarehe kabla ya jina, barua ya ustawi, mihuri ya Nairobi. Wakiniuliza kama wamchukue mtoto, hapo nawaachia wenyewe.