Barabara iliyokuwa ipite makaburini

Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ulipofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, shamba la ukoo wetu, la muhogo na simsim tangu enzi za babu, likajikuta ndani ya mipaka ya jiji. Wazee walishikilia kwamba ardhi ya mila haiguswi na ramani za serikali. Inaguswa. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, mjini na kijijini, iwe ni ardhi ya mailo, yaani ya hati ya mtu binafsi, au ya ukoo.

Rasimu ya mpango wa mtaa wetu ilipobandikwa, nilikwenda kuitazama pamoja na baba mdogo. Barabara mpya ilikata katikati ya makaburi yetu. Ukitazama picha ya angani unaona miembe tu. Makaburi yako chini yake. Baba mdogo alisema mpimaji atakayekanyaga pale atakutana na panga. Nikamsihi: "Baba, rasimu bado haijapitishwa. Tuandike pingamizi sasa, kamati ya mipango ingali inalazimika kutusikiliza."

Tulimwomba mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aite majirani wote tunaopakana nao. Tukatembea mpaka kwa mpaka, kila mmoja akatia sahihi, wajane na wake wa nyumbani pia. Niliwatetea sana hao, kwani wao ndio wanaolima pale. Kisha tukapima kwa futikamba na kuchora makaburi, kisima na kijito.

Kilichotusaidia zaidi, naamini, ni kwamba hatukwenda kukataa tu. Tulipendekeza njia nyingine. Kandokando ya kijito haikufaa, maana kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kutoka alama ya juu kabisa ya maji hata kwa mito midogo. Lakini upande wa mashariki kuna njia ya zamani ya ng'ombe, na ukoo ulikubali ipanuliwe kuingia shambani kwetu. Kamati ilikuja kuona kwa macho. Mjumbe mmoja alivua kofia alipofika makaburini, na mama zetu hawajalisahau hilo. Mstari ukahamishwa, nasi tukaomba nakala ya muhtasari wa kikao.

Ukanda tuliokubali upitiwe haujathaminiwa bado. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na hilo ndilo tunalolifuatilia sasa.