Nilivyoivusha wikendi yetu ya boti yenye hitilafu ndogo ndogo

Kila kilichotusumbua wikendi ile kilikuwa kidogo: kizibo cha hewa, mfuko wa plastiki, kofia, fungu la mchanga, betri iliyogoma. Ukikitazama kimoja kimoja, hakuna cha kumnyima mtu usingizi. Lakini vikija kwa kupokezana, na ndani ya boti kuna watoto, shemeji mwenye haraka na mama mkwe ambaye hajawahi kupanda chombo kidogo, vinatosha kabisa kuwagombanisha watu wazima na kuwafanya watoto waichukie bahari. Safari ile nilikuwa nimeingoja kwa muda mrefu. Nilitaka kila mmoja ashuke akiwa na hamu ya kurudi tena, na nilihangaika sana kulifanikisha hilo.

Boti yetu ni ya faiba, ya wazi, yenye injini moja inayoning'inia tezini, yaani nyuma ya boti. Usukani nashika mimi, mume wangu ndiye mtu wa nanga na kamba. Mpango ulikuwa kuvuka ghuba Jumamosi asubuhi, kulala kisiwani kwenye mahema, kisha kurudi Jumapili. Petroli niliigawa kama ninavyoigawa siku zote: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya dharura ambayo haiguswi. Kabla hatujafungua kamba gatini kila mtu alikuwa ameshavaa jaketi la kuokolea. Ya watoto nilizivuta kwa nguvu mabegani, maana jaketi linalopanda hadi masikioni ukiwa nchi kavu litamvuka mtoto akiwa majini.

Tulikuwa katikati ya ghuba injini ilipoanza kukohoa. Mlio ukapanda, ukashuka, ukakata. Boti ikipoteza mwendo huyageuzia mawimbi ubavu, na yetu ikafanya hivyo hivyo, ikaanza kulala huku na huku. Mama mkwe akashika kiti kwa mikono miwili. Shemeji tayari alikuwa ameinuka kwenda tezini kufungua kifuniko cha injini.

"Shemeji, kaa kwanza," nikamwambia. "Mume wangu, nanga."

Hili nalishikilia sana. Injini ikizimika, boti izuiwe kwanza, injini itafuata. Hitilafu moja ina nafuu, lakini ukiinamia injini huku upepo unakusukuma kwenye miamba, muda si mrefu una hitilafu mbili, na ya pili ndiyo itakayokuumiza. Kina pale kilikuwa kidogo, nanga ikafika chini mara moja, na mume wangu akaendelea kuachia amari, yaani kamba ya nanga. Kamba hiyo inatakiwa iwe mara 5 hadi 7 ya kina, ukipima kutoka omo, yaani mbele ya boti, hadi chini, ili nanga ilale na kuuma. Ikiwa fupi itasimama wima na kuburuta. Ilipouma, boti ikageuka yenyewe, ikaelekeza omo kwenye upepo, na kule kuyumba kukapungua. Uso wa mama mkwe ukabadilika hapo hapo, kabla sijagusa chochote.

Jambo la pili ni kuwaeleza watu. Ukimya wa nahodha unatisha kuliko injini iliyozimika. "Mama," nikamwambia, "injini imekata. Boti imeshika nanga, hatuendi popote. Sasa natafuta sababu."

"Haya mwanangu, tafuta taratibu," akajibu.

Sababu ilionekana upesi. Kile kibofu cha mpira kilicho kwenye mpira wa mafuta, ambacho hubinywa kusukuma petroli, kilikuwa kimenywea. Tanki nalo lilikuwa limebonyea mbavuni. Tanki la kubebeka lina kizibo kidogo cha hewa juu ya mfuniko: unakifunga wakati wa kulisafirisha, unakifungua wakati wa kulitumia. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kujaza nafasi yake. Kikifungwa, injini huendelea kuvuta mpaka isiweze kuvuta tena. Nikakilegeza. Tanki likafyonza hewa kwa mlio mrefu, kisha ubavu wake ukarudi nje kwa kishindo, pu! Watoto wakaangua kicheko. Kitinda mimba ndiye aliyekuwa amekikaza, kwa kuogopa petroli isimwagike, na nikamweleza kwamba fikra yake ni sahihi kabisa kwa tanki lililo ndani ya gari. Nikampa kazi: abinye kile kibofu mpaka kiwe kigumu. Akabinya, kikawa kigumu, injini ikawaka. Tangu wakati huo tanki likawa lake, na kila tulipoondoka alikikagua kizibo bila kuambiwa.

Kugawa kazi kulitusaidia kuliko spana yoyote. Binti yangu nilimpa mchirizi. Injini hizi hupozwa na maji yale yale zinamoelea: pampu yenye gurudumu dogo la mpira huyavuta kupitia matundu yaliyo juu kidogo ya propela, yanazunguka ndani ya injini, na sehemu ndogo hurushwa nje kama uzi. Uzi huo ukikatika, injini haipozwi, na ikiendelea hivyo kwa dakika chache inaweza kuharibika vibaya. Watoto wanauita mkojo wa injini. Tulikuwa tumekikaribia kisiwa binti akapiga kelele: "Mama, haikojoi!" Nikarudisha gia katikati na kuzima, hata kengele ya joto ilikuwa bado haijalia. Safari hii mume wangu alishusha nanga bila kuambiwa. Nikaichomoa ile kamba ya usalama, inayofungwa mkononi mwa nahodha ili izime injini akianguka, kwa sababu sitaki mkono wa mtu uwe karibu na propela huku injini inaweza kuwaka. Tulipoinyanyua injini tukaukuta mfuko wa plastiki umejibandika juu ya matundu yote kama ngozi. Ukabanduliwa, ukatiwa kwenye taka zetu, na mchirizi ukarudi.

Kijana wangu mkubwa alichafukwa na roho kidogo wakati tumetia nanga. Tukamhamishia katikati ya boti, chini, akatazama upeo wa bahari badala ya simu. Ilipita.

Usiku wa Jumamosi upepo ukageuka. Boti iliyotiwa nanga huzunguka ikifuata upepo, na alfajiri tuliikuta imesogea hadi ukingo wa fungu la mchanga, imeinamia upande mmoja, maji yakiwa bado yanapwa. Tulikuwa tumepwelewa. Shemeji akataka wote tushuke tuisukume. Nilikataa, na nilikataa kwa sauti ambayo sikuzoea kuitumia kwake. Boti ya faiba yenye injini, tanki na mizigo iliyokalia mchanga huvunja migongo ya watu, na ikiteleza ghafla hubana miguu. Kuwasha injini nako nilikataa, kwa kuwa pampu ingevuta mchanga mtupu.

Tulichofanya ni hiki. Injini tuliinyanyua. Mume wangu na shemeji wakaibeba nanga kwa mikono, wakatembea nayo hadi maji ya kiunoni upande wa kina kirefu, wakaichimbia huko na kuikaza kamba. Kwa namna hiyo, maji yakirudi, boti itavutika kuelekea kwenye kina na haitasukumwa zaidi juu ya fungu. Kisha tukangoja. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo nilijua tuna asubuhi nzima, na nikawaambia wote muda huo waziwazi, ili asiwepo wa kuniuliza kila baada ya dakika kumi.

Asubuhi ile ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu nyingine zote za safari. Ni mara chache boti ya majini unaiona tumbo lake bila kuipandisha nchi kavu. Watoto walichukua brashi wakasugua ukoga upande uliokuwa wazi. Mama mkwe, ambaye jana yake hakuwa akiachia kiti, alikuwa anazunguka boti miguu peku akiuliza kila kitu ni cha nini: kwa nini mkuku, ule uti wa chini ya boti, kwa nini kipande hiki cha chuma chepesi kimeliwa. Nikamweleza kuwa kile kimewekwa makusudi ili maji ya chumvi yakile chenyewe na kuiacha injini. Akakigusa kwa kidole, akasema kinafanya kazi ya mzazi. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi.

Nami nikachuchumaa nyuma ya propela. Kati ya propela na gia palikuwa na kitu kinameremeta, chembamba, kama nywele. Nilinyoosha pini kwa koleo, nikafungua nati, nikaivuta propela ikatoka pamoja na washa yake. Kwenye shafti ulikuwa umejiviringisha mshipi wa nailoni wa kuvulia, mizunguko mingi, iliyokazwa mpaka ikajikata ndani. Mshipi wa namna hiyo hupenya hadi kwenye mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Ukiukata mpira huo, maji huchanganyika na oili, oili hugeuka nyeupe kama maziwa, na gia zinakwisha kimyakimya. Niliutoa kwa ncha ya kisu, kipande kwa kipande, kijana wangu akiuzungusha kwenye kijiti ili usirudi baharini. Bila lile fungu la mchanga nisingeuona.

Maji yalirudi taratibu. Boti ikaanza kutikisika, ikanyooka, na mume wangu akawa anavuta amari kidogo kidogo kila inapoinuka. Ikatoka bila mtu kusukuma.

Betri ikachagua wakati huo kugoma. Niligeuza ufunguo, ikatoa mlio mmoja mkavu, basi. Kabla ya kugusa nyaya niliwaondoa watu tezini na kufungua vifuniko vyote hewa ipite, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na nyaya za betri hutoa cheche. Vichwa vya betri vilikuwa na unga wa kijani, na kimoja kilizunguka nilipokishika kwa vidole. Nikavifungua, nikavisugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, nikavikaza kwa spana. Injini ikawaka kwa mara moja.

Njiani kurudi upepo ulipeperusha kofia ya mama mkwe. Alisema tuiache. Nilikataa, kwa furaha kabisa, kwa kuwa nilikuwa natafuta nafasi ya kuwafundisha watoto namna ya kumrudia mtu aliyeanguka majini, na kofia haina haraka. Binti akapewa kazi moja tu: kuinyooshea kidole kofia na kutoondoa macho hata nikigeuza boti, kwa sababu kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea mara tu unapoangalia pembeni. Nikazunguka mpaka nikaikabili kutoka upande wa demani, kule upepo unakoelekea, omo ikielekea kwenye upepo, mwendo ukipungua. Ilipofika karibu na ubavu nikatoa gia, ili propela isizunguke jirani na kile ambacho siku nyingine kingekuwa miguu ya mtu. Kijana akaiopoa kwa kasia. Tukairudisha majini makusudi, mama mkwe mwenyewe akiirusha, ili kitinda mimba naye apate zamu ya kunyoosha kidole.

Gatini upepo ulikuwa unatusukuma nje. Nikaingia kwa pembe kali kuliko kawaida, mume wangu akatupa kamba ya omo kwanza, na ilipofungwa nikatumia injini kuivuta tezi ndani. Shemeji alikuwa amekaa, mikono ndani ya boti, akingoja aambiwe. Nilimshukuru kwa hilo.

Nyumbani nililegeza skrubu ya chini ya gia. Oili ilitoka safi, bila weupe wowote, maana yake mshipi haukuwa umeukata ule mpira. Nikaipitisha injini kwenye maji yasiyo na chumvi kuiosha chumvi ya bahari, nikaweka pini mpya kwenye propela. Halafu nikaifungua pampu. Mbawa mbili za lile gurudumu la mpira zilikuwa zimepinda na hazikunyooka tena, nikaweka jipya, na la akiba likaingia kwenye kisanduku cha spana pamoja na kamba ya usalama ya pili.