Leseni niliyoipigia simu

Fundi alikuwa ameshainua nyundo kubwa nilipomuuliza ule ukuta umebeba nini. Akaugonga kwa ngumi mara mbili, akasema, "Huu wa kugawa tu, mama. Asubuhi moja umekwisha." Nikamwambia asubiri. Si kwamba nilijua kitu. Nilichojua ni kwamba tangi la maji liko darini, karibu kabisa na usawa wa ukuta ule. Mhandisi niliyemwita alipanda juu, akakaa huko kitambo, akashuka na utando wa buibui kichwani. Ukuta ulikuwa unabeba. Kuutoa kuliwezekana, lakini ilibidi mzigo ushikiliwe kwanza kwa jeki, iwekwe boriti ya kuupokea, na kibali kiwe mkononi kabla ya nyundo.

Yule fundi si mtu mbaya. Milango yangu yote ni kazi yake na hakuna unaokwaruza sakafu. Ila mimi nilitaka ukuta utolewe, viongezwe vyumba viwili nyuma, na bafu lenye slabu juu, yaani paa bapa la zege, ambako tangi lingehamia. Hapo kuna zege, umeme, bomba, ukaguzi na watu kumi na kitu saiti kwa siku. Nilihitaji mtu mmoja wa kuwajibika kwa yote, mwenye leseni, ili mambo yakiharibika niwe na pa kwenda kushtaki.

Wakaja makandarasi watatu. Wa kwanza alinipa nakala ya leseni iliyopigwa laminesheni, inang'aa. Ningeishia kuutazama muhuri na kuridhika, kama mume wangu asingeuliza mbona jina la kampuni kwenye leseni si lile lililo kwenye makadirio. "Ah, huyo ni mshirika wangu," mkandarasi akajibu. Nikatafuta mwenyewe namba ya simu ya bodi inayosajili makandarasi (sikutumia ile aliyokuwa tayari kunipa), nikawasomea namba ya leseni. Ilikuwa ya kweli. Mwenye leseni alikuwa mtu mwingine, na muda wa leseni ulikwisha mwaka uliotangulia. Leseni ya kuazima, basi. Nyumba ikipata ufa, mwenye leseni atasema hakuwahi kufika kwako, na aliyefika kwako hana leseni.

Wa pili leseni yake ilikuwa hai na jina ni lake, ila ilikuwa ya kazi za umeme. Kwa nyaya ningempa bila kusita. Kwa msingi, hapana. Tangu hapo nikawa nasoma leseni kama mtu anayesoma dawa: jina la nani, aina gani ya kazi, daraja linaruhusu kazi ya thamani gani, inaisha lini.

Makadirio nayo yalinichezea akili. Moja lilikuwa chini kwa karibu theluthi, na nusura tulishangilie. Nikamlipa mkadiriaji majenzi atuandalie jedwali la kazi na vipimo kutoka kwenye michoro, safu ya bei ikiwa tupu, na kila mkandarasi, wakiwemo wawili wapya, akajaza jedwali lile lile. Kumbe lile la bei nafuu halikuwa na kuzuia maji kwenye slabu ya bafu, halikuwa na jukwaa la mafundi wala kubeba kifusi. Vingekuja baadaye, kimoja kimoja, vikiitwa "ziada". Bei zilipojazwa upya zilikaribiana, na niliyemchagua hakuwa wa chini kabisa.

Nilimchagua kwa sababu ya wateja wake wa zamani. Niliomba nyumba ambazo zimeshapitiwa na msimu mzima wa mvua, maana iliyokabidhiwa juzi haina la kusema. Kila mwenye nyumba nilimuuliza swali moja tu la maana: "Mligombana kuhusu nini?" Wanacheka kwanza, halafu wanaongea. Mmoja aliniambia walirushiana maneno kwa sababu ya vigae vilivyopandana, na mkandarasi akaving'oa chumba kizima kwa gharama yake. Nikaondoka pale nimeshaamua.

Kwenye mkataba tulivutana kwenye malipo. Alitaka asilimia 40 ya kutangulia. Namwelewa, saruji na nondo hazikopeshwi kirahisi. Lakini pesa yote hiyo ikishatoka mkononi mwangu, ningebaki na nini cha kumwitia? Tukakubaliana asilimia 10 ya kuanzia, vifaa vikubwa nivilipie vikifika saiti, na kazi ilipwe kwa hatua: msingi, kuta, slabu, paa, umaliziaji. Katika kila malipo ningezuia asilimia 10, nusu yake nimpe siku ya kukabidhi, na nusu baada ya miezi sita ya kuangalia kasoro. Tukaandika pia bima ya wafanyakazi, jina la msimamizi atakayekuwepo saiti kila siku, na kwamba hakuna badiliko bila karatasi yenye bei na siku zinazoongezeka. Alipofika hapo akanitazama. "Dada, hata tundu la swichi?" Hata tundu la swichi.

Aliyebanwa na kifungu hicho ni mimi. Kuta zikiwa zimefika kwenye linta, ile boriti inayopita juu ya madirisha, nikaamua madirisha ya nyuma ni madogo. Karatasi ikaja: kuvunja, linta ndefu zaidi, fremu mpya, siku 12. Nilisaini nimenuna.

Siku ya kumwaga zege la slabu nilifika mapema. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa inanguruma, kokoto ziko tayari, watu wamevaa mabuti. Nikapanda ngazi na kuingiza kidole chini ya nondo. Hakikupita. Nondo zilikuwa zimelala moja kwa moja juu ya mbao, hakuna biskuti hata moja (vile vibonge vidogo vya kuinulia nondo), na mchoro ulionyesha milimita 25 za zege chini ya chuma. Msimamizi akaniambia watazivuta juu kwa ndoano wakati wa kumwaga. Nikampigia mhandisi, akasema msimwage chochote. Chuma kisipofunikwa vizuri, unyevu wa bafu unakifikia, kinashika kutu, kinavimba na kulipua zege kutoka ndani.

Mkandarasi alifika baada ya saa moja, amekunja uso, sijui kwangu au kwa msimamizi wake. Alishusha mfuko wa biskuti kutoka kwenye gari, akapanda mwenyewe, wakaanza kuzichomeka moja moja huku mashine imezimwa. Zege lilimwagwa siku iliyofuata, na posho ya watu waliokaa bure alilipa yeye. Pia niliwaona wakimkemea kijana aliyeongeza ndoo ya maji ili zege liteleze vizuri. Zege lenye maji mengi ni rahisi kusambaza, lakini likikauka ni dhaifu.

Kumwagilia zege maji nilikuchukua mimi, siku 7, asubuhi na jioni, magunia yametandikwa juu lisikauke. Bloku za majaribio za zege lile lile zilipimwa nguvu siku ya 7 na ya 28, na jeki zilizoshikilia slabu hazikuondoka hadi mhandisi aseme.

Tulichelewa wiki tatu jumla, na siku 12 kati ya hizo ni za madirisha yangu.

Mwezi wa tano baada ya kuhamia, doa la ukubwa wa sahani likatokea kwenye dari ya bafu. Nilimtumia picha. Alikuja siku ya pili na fundi bomba, wakakuta kiungo cha bomba la tangi kinavuja tone kwa tone, slabu yenyewe nzima. Wakakibadilisha, wakapaka rangi upya, na miezi sita ilipotimia nikamlipa ile nusu iliyobaki.

Juzi kanipigia simu kuomba amlete mteja aone nyumba. Mteja akazunguka, akasifia madirisha, akawa anatafuta namna ya kuuliza kitu mbele ya mkandarasi. Nikamwita aje bafuni, nikamwonyesha juu mahali rangi inapong'aa kidogo kuliko kwingine, nikaanza kumsimulia.