Niliacha kuuliza "nani kaanza?"

Nyumba tunayopanga hapa Tandika, Dar es Salaam, ina vyumba sita na ua mmoja, na ua huo ndio uwanja wa watoto wetu wote. Hapo wanacheza gololi, rede na mapishi ya matope, na hapo hapo wanagombana.

Kwa muda mrefu nikisikia kilio nilitoka na swali moja tu: "Nani kaanza?" Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, nami nakata kesi. Mwaka jana mwanangu, akiwa na miaka sita, alilia kwamba mtoto wa chumba cha tatu kachukua gololi zake. Niliona aibu mbele ya jirani. Nikamwambia aache uchoyo, amwachie mwenzake. Usiku namwogesha ndipo akanieleza taratibu: walikubaliana mchezo ukiisha kila mtu arudishiwe zake, na mwenzake akagoma. Alikuwa anasema kweli. Siku tatu alikaa mlangoni akiwatazama wenzake, hachezi. Mimi na jirani yangu, tunaoazimana hadi jiko, tukawa tunasalimiana juu juu.

Chuo cha ualimu tulisoma habari za Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Mwaka 1932 alichapisha utafiti uliohusu, pamoja na mambo mengine, watoto wanaocheza gololi. Aliwauliza kanuni za mchezo zimetoka wapi. Wadogo waliona kanuni zimewekwa na wakubwa na hazigusiki. Waliokuwa wakubwa kidogo walijua kwamba wakikubaliana wote wanaweza kuzibadilisha. Niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Kumbe yalikuwa yanatokea uani kwangu: watoto wanahangaika na makubaliano yao, nami nakuja kuyafuta kwa neno moja kwa sababu ni mama.

Siku hizi natoka, nachuchumaa. Anayelia namsubiri mpaka kwikwi itulie, maana kabla ya hapo hasikii kitu. Kisha mmoja anaeleza, na mwenzake anarudia alichosikia kabla ya kujitetea. "Mwenzako kasemaje?" Mara za mwanzo walishindwa kabisa, kila mmoja alirudia madai yake mwenyewe kwa sauti kubwa zaidi. Ilichukua wiki kadhaa. Baada ya hapo nauliza, "Sasa mnafanyaje?" halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakonishinda nguvu mpaka leo, hasa jua likizama na mboga bado haijachambuliwa.

Wakirushiana mawe, waking'atana, au wengi wakimzonga mmoja, sisubiri maelezo. Naingia kati. Na mwanangu wa mwisho, ana miaka mitatu, simwulizi kwa nini kanyang'anya, kwa sababu bado ni vigumu kwake kufikiria mwenzake anaonaje. Namhesabia mpaka kumi, zamu inahama, basi.

Kulazimisha "samahani" nako nimeacha. Nilikuwa naipata, lakini wanaitamka huku wanatazama pembeni. Mwezi uliopita mwanangu yule wa gololi alimsukuma binti wa chumba cha mbele, goti likachubuka. Nikamwambia tu, "Litazame goti lake." Alilitazama kwa muda, akaenda kuchota maji kwenye kikombe, akamletea. Samahani ilikuja baadaye, hakuna aliyeiomba.

Jirani nilimfuata mwenyewe, nikamwambia nilikosea na watoto wetu hawakuwa na kosa nililolidhani. Alinikaribisha chai.

Juzi ugomvi ulikuwa juu ya gololi iliyogonga ndala ya mtu ikadumbukia shimoni. Imehesabika au haijahesabika? Walibishana karibu nusu saa, nikiwasikiliza kutoka jikoni. Mwishowe wakaamua haihesabiki, na kwamba ndala haziruhusiwi tena mchezoni. Jana jioni nilizikuta zimepangwa ukutani, jozi tano, na ya sita ya yule mdogo, ambaye hata gololi hana.