Nilivyokomesha cheni kutoka kwenye baiskeli yenye sproketi moja ya mbele

Baiskeli yangu ya milimani ilikuwa na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) tatu mbele, za meno 44, 32 na 22. Nilipochoka kuhangaika na gia nisizozitumia, niliondoa ile kubwa na ile ndogo pamoja na kibadili gia cha mbele, nikabaki na ya meno 32. Baiskeli ikawa nyepesi, lakini cheni ikaanza kutoka, wakati mwingine mara tatu katika safari moja, na daima kwenye njia ya mawe ambapo kupoteza pedali ghafla ni hatari.

Sikuwa nimetambua kwamba kibadili gia cha mbele, hata kisipotumika, huizingira cheni pande zote mbili na kuizuia isitoke. Isitoshe, sproketi ya katikati hutengenezwa iiachie cheni kwa urahisi: baadhi ya meno yake ni mafupi na mengine yamechongwa ubavuni ili cheni ihamie sproketi ya jirani. Kuitarajia iishikilie cheni ni kuitaka ifanye kinyume cha kazi yake.

Kabla ya kununua chochote niliazimia kwamba kila cheni inapotoka nitatazama iko kwenye gia ipi ya nyuma, imeangukia upande gani, na kama nilikuwa nakanyaga pedali. Karibu kila mara nilikuwa nateremka bila kukanyaga, cheni ikiwa kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, ambako hulegea kuliko kwingine kote. Hapo nikang'amua kwamba cheni ilikuwa bado na urefu uliopimwa kwa sproketi ya meno 44. Kwa kuwa cheni hukumbatia takriban nusu tu ya sproketi, tofauti ya meno 12 ni pingili 6, na kila pingili ina milimita 12.7, nilikuwa nikibeba zaidi ya sentimita 7 za cheni isiyo na kazi. Niliizungusha kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadili gia, nikaongeza pingili 2, nikakata iliyozidi. Wenye baiskeli za shoki ya nyuma wapime shoki ikiwa imebonyea pale inapoivuta cheni zaidi, la sivyo wataikata fupi mno.

Cheni ilipungua kutoka, haikukoma. Ndipo niliponunua sproketi ya meno 32 ambayo meno yake mapana na membamba hupishana: jino pana hujaza pingili ya nje yenye nafasi kubwa, jino jembamba huingia kwenye pingili ya ndani. Ndiyo maana idadi ya meno yake lazima igawanyike kwa mbili, na ndiyo maana cheni ikirudishwa kwa haraka na kukosewa kwa jino moja, hupanda juu ya meno mapana badala ya kuketi. Hilo lilinipata siku ya kwanza, na tangu hapo huzungusha pedali taratibu na kuangalia kabla ya kuondoka.

Nilifanya kosa moja zaidi. Niliifunga sproketi mpya mahali pa ile kubwa, upande wa nje wa kranki (mkono unaobeba pedali), nikidhani nitapata nafasi kutoka kwenye fremu. Kwenye gia nyepesi kabisa cheni ikapinda sana, na nilipozungusha pedali kinyume ilichomoka. Kuihamishia upande wa ndani, mahali pa sproketi ya katikati, kulimaliza tatizo hilo kwa kazi ya dakika chache.

Kilichobaki ni mtikisiko, na dawa yake ilikuwa kibadili gia cha nyuma chenye klachi, ambayo huuzuia mkono wake usirushwe mbele baiskeli inapogonga jiwe. Changu kina kiwashio kidogo. Hukizima ninapotoa gurudumu, na nikisahau kukiwasha cheni huanza kupiga fremu mara moja.

Sasa napima uchakavu kwa rula: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8, nami naibadilisha inapokaribia 306.3, kwa sababu cheni iliyorefuka hula meno ya sproketi, na meno mapana yakishalika hayajazi tena pingili. Kishikizo cha ziada cha cheni, ambacho wengi hukifunga kwanza, sijakihitaji.