Kumtenga rizobia wa maharage na kumthibitisha: ninavyofanya maabara

Ponda kinundu cha mzizi wa maharage, kipake kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria), na kesho yake utaona kitu kimeota. Hicho kilichoota kesho yake karibu kila mara si rizobia, yaani bakteria anayeishi kwenye vinundu na kuunasia mmea naitrojeni ya hewani. Kwenye ngozi ya kinundu, na hata ndani yake, wanaishi bakteria wengine, akina Bacillus, Pseudomonas na Klebsiella, nao hukua haraka kuliko tunayemtafuta. Martinus Beijerinck alimtenga rizobia huko Uholanzi mwaka 1888 na njia ya msingi haijabadilika sana. Muda wangu mwingi unakwenda kwenye kuwaondoa wageni, halafu kumrudisha bakteria kwenye mmea ili nione kama kweli ndiye.

Sampuli nachukua maharage yanapoanza kutoa maua. Mapema zaidi vinundu ni vidogo mno, na maganda yakishajaa mbegu vinaanza kuzeeka na kuoza. Usiung'oe mche kwa kuvuta, vinundu vyote vitabaki ardhini. Chimba duara la sentimita 15 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 20, nyanyua bonge lote na ulioshe juu ya ungo. Uliza kwanza shamba liliwekwa mbolea gani: palipopita mbolea nyingi ya naitrojeni, kama urea au CAN, vinundu huwa haba, kwa sababu mmea wenye naitreti ya kutosha hauna haja ya kumlisha bakteria. Pasua vichache kwa wembe. Wekundu au uwaridi ni leghemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya kinundu, maana yake kinundu kinafanya kazi. Kijani kimezeeka. Cheupe ama bado kichanga, ama kimebeba bakteria asiye na msaada.

Vile vizuri nakata pamoja na kipande cha mzizi, nusu sentimita kila upande. Kipande hicho ndicho unachoshika kwa koleo, na pia kinazuia jiki isipenye kwenye jeraha na kuua hata wa ndani. Kama maabara iko mbali, naviweka kwenye vichupa vyenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) chini na pamba juu yake. Vikifika vimekauka, naviloweka kwenye maji safi mpaka vivimbe, lisaa limoja au usiku mzima kutegemea ukavu wake.

Usafishaji wa ngozi ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza ethanoli ya asilimia 95, sekunde 5 hadi 10 tu, ili kuondoa viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye mikunjo. Kisha jiki ya dukani yenye asilimia 3 hadi 4 ya sodiamu haipokloraiti, dakika 2 kwa vinundu vidogo na 4 kwa vikubwa. Chupa ya jiki iliyokaa wazi kwa miezi imeshapoteza nguvu, hata kama harufu bado ipo. Baada ya hapo suuza mara 5 au 6 kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu). Maji ya mwisho ya kusuuzia usiyamwage: pakaza tone lake kwenye sahani ya agari, na kwenye sahani nyingine viringisha kinundu kizima kabla hujakiponda. Sahani hizi mbili zikiota chochote, koloni (madoa ya bakteria) za sampuli hiyo hazina maana na unarudia na kinundu kingine. Sahani mbili za ziada ni bei ndogo, lakini ndizo watu huzibania.

Agari ninayotumia, kwa lita moja: manitoli gramu 10, K2HPO4 (chumvi ya fosfeti) gramu 0.5, magnesiamu salfeti gramu 0.2, chumvi ya sodiamu kloraidi gramu 0.1, dondoo ya hamira gramu 0.5, agari gramu 15. Rekebisha pH iwe 6.8 kabla ya kuweka agari, kisha otoklevu kwa nyuzi 121 dakika 15. Nagawa mafungu mawili. La kwanza lina rangi ya Congo red, mililita 10 za myeyusho wa asilimia 0.25 kwa kila lita. Vaa glavu, rangi hiyo ni ya kuhofiwa kwa saratani. La pili lina bromothimoli bluu, rangi inayoonyesha asidi, mililita 5 za myeyusho wa asilimia 0.5 kwa kila lita, ambayo kwenye pH hiyo huwa kijani. Manitoli ni ghali. Kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria wa maharage naibadilisha na sukari ya kawaida. Kwa soya usijaribu, maana Bradyrhizobium, rizobia wa soya wanaoota polepole, wengi wao hawaitumii sukari hiyo.

Inkubeta (kabati la joto la kukuzia) iwe nyuzi 28. Kilichoota ndani ya saa 24 nakitia alama ya kutupwa. Rizobia wa maharage huonekana siku ya 3 hadi ya 5, koloni za mviringo, zenye ute, na hugeuza bromothimoli kuwa njano kwa kutoa asidi. Sahani ikigeuka bluu na koloni zikachukua wiki nzima, hao ni wa kundi la Bradyrhizobium, na kwa kinundu cha maharage hiyo ni sababu ya kutilia shaka lebo zako. Kwenye Congo red rizobia hubaki weupe au waridi hafifu, mradi sahani zikae gizani. Kwenye mwanga hunyonya rangi na kukudanganya. Chora upya koloni moja moja mpaka sahani nzima iwe na sura moja.

Hapo bado huna rizobia, una mshukiwa. Uthibitisho ni mmea. Nakata kitako cha chupa ya plastiki ya soda, naipindua juu ya chombo chenye lishe, na utambi wa pamba unapita mdomoni kupeleka maji juu. Juu najaza mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe na kupikwa kwenye otoklevu saa nzima, siku mbili mfululizo. Chupa yenyewe haivumilii otoklevu, kwa hiyo inaoshwa kwa jiki na kusuuzwa. Mchanga wa pwani haufai: una chumvi, na vipande vya makombe hupandisha pH. Lishe isiwe na naitrojeni kabisa, ila isikose molibdenamu, ambayo imo ndani ya kimeng'enya kinachonasa naitrojeni, wala kobalti ambayo bakteria mwenyewe anaihitaji. Funga chombo kwa karatasi ya alumini, la sivyo mwani utajaa.

Mbegu zisiwe zimepakwa dawa ya ukungu. Mche ukifika siku 5 hadi 7, namwagia mililita 1 ya mchuzi wenye bakteria milioni 100 au zaidi. Kila aina ya bakteria inapata chupa 4. Pembeni zinakaa chupa 4 zisizopewa chochote, na 4 zilizopewa potasiamu naitreti gramu 0.5 kwa lita, kuonyesha mmea wenye naitrojeni bila bakteria. Nang'oa baada ya siku 28. Zisizopewa chochote zikiwa na kinundu hata kimoja, jaribio lote limeingiliwa. Zikiwa safi, linganisha makundi yote kwa rangi ya majani na uzito mkavu baada ya saa 48 kwenye oveni ya nyuzi 70. Kipimo cha asetilini, kinachoonyesha kinundu kinanasa naitrojeni kiasi gani, ni kizuri kama una kromatografia ya gesi. Kwa kuchuja aina, mizani inatosha.

Aina zilizofaulu nahifadhi mara moja kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi −80. Usimtunze rizobia kwa kumhamisha sahani hadi sahani miezi na miezi: jeni za kutengeneza vinundu ziko kwenye plasmidi (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu), na anaweza kuipoteza huku akiendelea kuota vizuri kabisa. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, shanga za kauri zilizoloweshwa bakteria na kufungwa kwenye kichupa chenye silika jeli huokoa mkusanyiko. Weka seti mbili, katika majengo mawili.